Mangi Ndesario na Kichaka cha Juu Mlimani

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sauti gani hiyo, kama mmenyimwa chakula? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Hapo zamani za kale, Kilimanjaro, alikuwapo Mangi Ndesario, mtawala mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa kuliko tumbo. Siku moja, mbele ya wageni, alionja mbege, pombe ya ndizi ya mkewe Mkunde, akasema, "Hii hata mbuzi angeitema."

"Lo!"

Lo kweli. Mkunde akafunga mzigo, akaenda kwa kaka yake, ng'ambo ya nyika ya baridi iliyo juu ya msitu. Mangi akabaki na kitanda kipana na ndizi alizoziunguza mwenyewe. Akachoka. Akakata jani la isale, lile tunalompelekea mtu tuliyemkosea, akamfuata. Kule juu upepo ukampokonya jani, ukaenda nalo. Arudi kukata jingine? Angechekwa. Afike mikono mitupu? Angefungiwa mlango.

Akaona mmea mrefu kama mnara. "Nipe jani, mke wangu arudi."

"Ulimwambia nini?"

"Nilitaja mbuzi."

"Pita huko!"

Akaona mti mnene, kichwa kama kabichi. "Nipe jani, mke wangu arudi."

"Ulimwambia nini?"

"Nilitaja mbuzi."

Wote semeni!

"Pita huko!"

Akaenda, akaenda. "We! Angalia miguu!" Kilikuwa kichaka kidogo, hakifiki goti, kimejaa maua meupe, madogo kama punje za ulezi.

"Nipe jani," akasema Mangi.

"Sikusikii. Inama."

Mangi hakuwahi kuinama, hata kufunga viatu. Akainama, tumbo likaguna.

"Majani yangu ni kama sindano," kikasema kichaka. "Vunja vitawi, ufunge kishada. Ila usining'oe."

Mangi akavunja, akafunga, akaenda hadi kwa shemeji yake. Mkunde alikuwa mlangoni. Akakitazama kile kishada. "Baba Kiwia, ulinitukana. Leo umeniletea ufagio?"

Boma zima likaangua kicheko. Mangi akafungua mdomo ajibu. Akaufunga. Akainama, akaanza kufagia ua, mavi ya mbuzi na yote, maua yakimdondoka mkononi.

Mkunde akautazama mgongo ule. "Umeruka pale pembeni."

Akafagia pembeni.

"Na pale."

Akafagia na pale, jasho likimtoka. Mwishowe Mkunde akasema, "Haya, ingia unywe mbege. Kesho tutarudi nyumbani."

"Tamu sana, Mama Kiwia!"

"Hujaionja bado!"

Basi wanangu, anayeomba radhi ainame kwanza. Cha kushika mkononi atakipata. Hadithi yangu imechoka, inajilaza hapa hapa.