Makofi Kando ya Ziwa Kalisi

Hapo zamani, zamani ambayo kwangu haijapita, Jumamosi ya tarehe 12 Agosti, saa tano kasoro robo asubuhi, binti mmoja aliweka kidole midomoni kando ya Ziwa Kalisi. Saa hiyo imo kwenye picha ya simu ya baba yake. Kabla ya saa hiyo mimi nilikuwa mama. Nisikilizeni polepole, maana nami nasema polepole. Kisha mnijibu, kwa sababu mimi nimeshindwa.

Binti huyo aliitwa Sekela. Kesho yake, Jumapili, alikuwa apate kipaimara. Baba yake, Ambakisye, alimwuliza anataka zawadi gani. Akasema, "Nipeleke nikamwone Mwenye Maji." Wakaenda, yeye na baba yake na bibi yake. Mimi nilibaki nyumbani nikipiga pasi gauni jeupe. Haya mengine nasimulia kama nilivyosimuliwa.

Mwenye Maji ni mnyama wa ziwa hilo. Hakuna aliyemwona, na hakuna asiyemjua. Wazee husema ana shingo ya nyoka na pembe za ng'ombe, naye hukaa chini kabisa, kimya, akisikiliza. Ukiita jina la mtu kando ya ziwa, yeye hulishika. Siku moja ataliita, na mwenye jina atamfuata. Kwa hiyo pale mtu haitwi jina. Ukimtaka mwenzako, unapiga makofi. Anageuka, basi.

Bibi Ikupa, mama mkwe wangu, alizaliwa hapo. Ni mzee wa kanisa, anasali asubuhi na jioni, lakini jambo hilo hakuliacha. Alimfundisha Sekela tangu mtoto anajifunza kutembea: "Ukisikia jina lako ziwani, usiitike, mjukuu wangu. Hata akiita baba yako."

Siku hizi pamejengwa. Kuna geti, kuna vyoo vya wageni, kuna soda, na kuna Mwenye Maji wa saruji, mkubwa kama lori, macho mekundu. Mkia wake unashuka hadi ndani ya maji, na wageni huukalia na kupigwa picha. Anayewatembeza wageni anaitwa Gwakisa, mtu mwenye maneno.

"Karibuni kwa Mwenye Maji!" Gwakisa alisema siku ile. "Majina yenu yabaki mfukoni. Ila mwenye jina gumu asiogope, mnyama huyu hakufika darasa la nne."

Wageni wakacheka. Sekela alicheka kuliko wote.

"Baba, na wewe ukiniita?"

"Nikikuita utakuja," Ambakisye akamjibu. "Kwani saruji ina masikio?"

Bibi Ikupa akampiga begani. "Wewe! Heshima umeiacha getini?"

"Mama, mimi nimebatizwa. Nyoka wa saruji ataniweza nini?"

"Hata mimi nimebatizwa. Na kinywa nimekifunga."

Sekela akapanda mkiani. Baba yake akarudi nyuma na simu. "Pembe hazionekani," akasema. "Shuka kidogo." Akashuka kidogo. "Kidogo tena." Akashuka kidogo tena. Hapo saruji ilikuwa imeota ukijani, inateleza. Na ziwa lile halina mahali pa kusimama. Ukitoka ukingoni umeingia kilindini.

Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, aliuona ule ukijani kwanza. Akafumbua kinywa. Akakifumba. Akapiga makofi.

Wakati huohuo Gwakisa alikuwa anamaliza hadithi yake. "Sasa mpigieni makofi Mwenye Maji, huenda akaamka!" Wageni wote wakapiga makofi. Makofi ya bibi yakapotea ndani ya makofi ya wageni.

Ndipo Ambakisye naye akaona. Akaita kwa sauti yake yote, "Sekela!"

Sekela akageuka. Alikuwa anatabasamu. Akaweka kidole midomoni, kumnyamazisha baba yake. Mguu ukateleza.

Wageni wengine waliendelea kupiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Gwakisa alijitosa na viatu vyake. Akaibuka, akazama, akaibuka, mikono mitupu. Sekela alipatikana Jumapili, kengele ya ibada ikiwa imeshalia. Gauni lile jeupe alivalishwa, lakini si kwa kipaimara.

Ikafika siku ya kuondoa matanga. Katika ukoo wa mume wangu, siku hiyo mama wa marehemu hushika jagi la maji na kuwanawisha mikono wale atakaokula nao sahani moja. Ukinawishwa, hakuna lawama tena kati yenu hadi kufa. Usiponawishwa, hamtakula tena pamoja. Nikashika jagi. Watu watatu wakasogea mbele ya beseni, na kila mmoja akaficha mikono yake nyuma.

Bibi Ikupa akasema, "Mwanangu, usininawishe. Mimi ndiye niliyeona kwanza. Nilikuwa na kinywa, nikatumia viganja. Nimemwogopa nyoka kuliko nilivyompenda mtoto."

Ambakisye akasema, "Mama Sekela, usininawishe. Mimi ndiye niliyemwambia shuka. Nilijua alichofundishwa, na bado nikamwita. Ningetembea hadi pale nikamshika mkono, angekuwa hapa."

Gwakisa akasema, "Mama, usininawishe. Mkia ule mimi ndiye niliyeomba ufike majini, ili picha zipendeze. Makofi pale yalikuwa njia ya kumwita mtu. Mimi nikayafanya mchezo. Bibi alimwita, nami nikaizima sauti yake."

"Wewe ulijitosa," Ambakisye akamwambia. "Mimi nilisimama na simu."

"Wewe ulimwita," Bibi akamwambia mwanawe. "Angalau ulimwita."

"Mama, nani alimfundisha kuogopa jina lake mwenyewe?"

"Mimi. Si nimeshasema? Mimi!" Bibi akakaa chini kando ya beseni.

Mzee mmoja nyuma akanong'ona, "Hamna kosa ninyi. Jina liliitwa, likasikika." Mchungaji akamkemea. Mimi sikumkemea. Sikuwa na nguvu ya kumkemea mtu.

Nikabaki na jagi. Nikimnawisha mume wangu, nitamtazama vipi mama yake, tunaolala nyumba moja? Nikimnawisha mama, mume wangu atakula na nani? Nikimnawisha Gwakisa, mtu baki aliyejitosa, nimewaacha wangu. Nikiwanawisha wote, ni kama hakuna aliyekosa, na mwanangu amekufa bure. Nikimwaga maji chini, nimebaki peke yangu. Chakula kilipoa. Hadi leo jagi liko mezani, limejaa, na ndani ya nyumba yetu kila mtu anakula kwenye sahani yake.

Mmesikia yote, hakuna nililowaficha. Je, katika hao watatu, nani alistahili maji yale, na nani alistahili kubaki na mikono mikavu?

Mkiwa mnafikiri, mimi naomba. Ee Bwana, umpokee Sekela, umpe pumziko mahali pasipo na kilindi. Lakini, Bwana, mtoto huyu alifundishwa asiitike akiitwa. Ukimwita asipokuitika, usimwache. Umwite mara ya pili. Amina.