Koti Lisilokombolewa

Wewe uliyejinyoosha hapo kama vile dunia imeshamaliza kukulipa, hebu nikuulize: mtani wako akikunyang'anya kitu msibani, ukamcheka, ukamwambia "kaa nacho", kisha kitu chenyewe kikaja kuwa dhahabu, utakwenda kukidai kwa mdomo gani?

Usinijibu sasa. Watu wa kujibu haraka tunao wengi, wengine tumewapa hadi magari.

Hapo zamani, na si zamani za sungura na fisi, ni zamani ya watu wenye vitambulisho vya taifa, aliishi Tabora mzee mmoja akiitwa Kasanda. Kazi ya tumbo lake ilikuwa ufundi wa reli. Kazi ya moyo wake ilikuwa kukusanya sarafu. Alikuwa nazo za Sultani, alikuwa nazo za Mjerumani, alikuwa nazo za Mwingereza zenye tundu katikati. Alizipanga kwenye trei za mbao alizochonga mwenyewe, kila sarafu na kishimo chake. Wenzake walikusanya vyeti, yeye alikusanya sarafu. Angalau sarafu zina mnunuzi.

Kishimo kimoja kilikuwa kitupu, cha sarafu ya ndovu. Hiyo ilifuliwa hapohapo Tabora kwenye karakana ya reli, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto na Mjerumani ameishiwa. Dhahabu. Upande huu tai, upande huu ndovu amenyanyua mkonga. Waliobaki nazo duniani wanazifungia, na mwenye moja anaweza kujenga nyumba, akaezeka, akachimba na kisima.

Kila mwaka maonyesho ya sarafu yalifanyika kwenye ukumbi wa karibu na stesheni, na kila mwaka Kasanda alipeleka trei zake, na kila mwaka wakamchokoza: "Kasanda, ndovu wako bado yuko porini?" Naye akajibu kila mwaka, "Yuko malishoni. Msimsumbue."

Sasa mtazame binti yake, Kalunde, maana hadithi hii inamwuma yeye. Alikuwa fundi cherehani pale sokoni. Baba alipopooza upande mmoja, Kalunde alifunga kibanda, akahamisha cherehani nyumbani, akawa mtu wa kumgeuza mzee kitandani, kumlisha uji, kumfuta, kumsikiliza akisimulia sarafu zilezile kama vile jana hakuzisimulia. Kaka wa kusaidiana naye hakuwa naye. Alikuwa na baba mdogo, Msabila, ambaye alikuja kila Idi kuuliza kama hati ya nyumba ipo salama.

Siku moja Kasanda alimpa binti yake kitu kidogo cha mviringo, kimeshonewa ndani ya ngozi laini.

"Kivalishe kitambaa cha koti langu. Kiwe kifungo cha juu."

Kalunde akakipima kiganjani. "Baba, kifungo gani kizito hivi?"

"Shona, mama. Usifungue. Na baba yako mdogo asijue."

Mzee aliwahofia wezi, lakini zaidi ya wezi aliwahofia ndugu. Kalunde akashona. Hakufungua, ila vidole vya fundi havidanganywi. Tangu siku ile alijua kuna kitu.

Kasanda akafa. Msabila akafika mapema kuliko jeneza, akajitangaza msimamizi wa msiba, mrithi wa nyumba na mrithi wa trei. Akamwambia Kalunde kwa upole, ule upole wa mtu anayekukanyaga huku amevaa soksi, "Mwanangu, baada ya arobaini utatafuta pa kujishikiza."

Siku ya tatu ya matanga akaingia Pazi. Pazi ni Mzaramo, mfanyabiashara wa nazi aliyelowea Tabora, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipobebeana mizigo na kuzikana njiani, na mpaka leo kila mmoja humwita mwenzake mateka. Msiba wa Mnyamwezi bila mtani ni kama harusi bila ngoma. Pazi alilitungua koti la marehemu msumarini, akalivaa, akashika kifuniko cha chupa jichoni kama miwani ya kukuzia, akaanza kuwakagua waombolezaji mapaji ya nyuso.

"Huyu kachakaa. Huyu mhuri umefutika. Huyu feki kabisa, kafuliwa Kariakoo."

Watu wakacheka hadi wazee wakashika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani, kumwondolea mfiwa jiwe kifuani. Kisha Pazi akasimama mbele ya Msabila kudai haki yake, kama mila inavyotaka.

"Nimeteka koti. Likomboeni. Leteni kuku."

"Kuku gani? Kwa koti la kunguni?" akasema Msabila.

"Basi leteni kibaba cha unga."

"Unga unaliwa na waliolia. Wewe umecheka."

"Basi nipeni neno tu. Semeni, 'Mtani, tafadhali.' Nitalirudisha msumarini."

"Nenda nalo, mateka wetu wewe. Likutafune, na uzikwe nalo."

Kalunde alikuwa ameshatoka bandani na kuku wake wa pekee, mtetea mweusi, amemkumbatia. Msabila akamtupia jicho. "Kaa chini. Wanawake hawakomboi." Kalunde akasimama na kuku wake. Angesema neno moja, "kile kifungo ni kizito", koti lingebaki. Lingebaki kwa Msabila. Akamtazama Pazi, akamtazama baba yake mdogo, akakaa chini.

Mila inasema kitu alichoteka mtani kinakombolewa mpaka arobaini. Kwa hiyo Kalunde alimchukua tena mtetea wake, akaenda nyumbani kwa Pazi, akapiga hodi. Kufuli. Akaenda tena. Kufuli. Jirani akamwambia Pazi amefiwa na dada yake Kisarawe, ameondoka na treni, na baridi ilikuwa kali, kwa hiyo kaondoka na koti. Arobaini ikafika, ikapita. Kuku akarudi bandani.

Maonyesho yakawadia. Msabila alitaka kuuza trei, ila hakujua ipi rupia na ipi hela, ile senti ya Mjerumani, kwa hiyo akamkalisha Kalunde mezani awe anaelezea wateja. Umeliona hilo? Kurithi hakuhitaji elimu.

Mlangoni alikuwapo kijana anaitwa Shija, wa Shinyanga, mwenye shahada ya akiolojia. Tangu ahitimu alikuwa anapokea barua za we regret to inform you, yaani kazi hakuna, nyingi za kutosha kuezekea kibanda. Pale alikuwa anachana tiketi, kazi ya kujitolea, malipo yake soda na kitu wanachokiita exposure, yaani kujulikana. Lakini bwana mmoja wa suti, mnunuzi wa sarafu kutoka mbali na mfadhili wa maonyesho, alikuwa amempenda, akamwahidi: "Jumatatu njoo uanze kazi kwangu." Kazi. Shija alikuwa ameshapigia simu nyumbani, mama yake ameshatangaza kanisani.

Akaingia Pazi, katoka msibani kwake, amekonda, amevaa lile koti. Alikuja kukaa kwenye kiti cha Kasanda ili utani usife. Kitambaa cha kifungo cha juu kilikuwa kimelika, na ngozi nayo imechanika. Pembeni palionekana umanjano.

Bwana wa suti alimwona kabla ya wote. Akamfuata taratibu, akaanza kuvua koti lake.

"Mzee, tubadilishane makoti. Napenda vitu vya kale."

"Cha kale ni mimi," akasema Pazi. "Hili ni la juzi."

"Hili langu jipya, la sufu. Baridi hii, mzee wangu."

Pazi akalipapasa lile la sufu. Mtu aliyetoka kuzika hana hamu ya kubishana. Akafungua kifungo cha chini, akafungua cha kati.

Shija akauona mkonga. Mkonga tu, umenyanyuka, unachungulia kwenye ngozi. Akautambua, akamtazama bwana wa Jumatatu, na bwana wa Jumatatu akamtazama yeye na kutikisa kichwa kidogo, kama unavyomtikisia mbwa wako.

"Mzee," akasema Shija, "usivue koti."

"Kijana, wewe ni nani hapa?" akauliza bwana wa suti.

"Mchana tiketi."

"Basi chana tiketi."

"Mzee, hicho kifungo ni ndovu wa dhahabu. Usivue."

Ukumbi ukageuka. Mwenyekiti wa kamati ya maonyesho akaja, akamnyang'anya Shija beji yake, kisha akakumbuka kumshukuru. Bwana wa suti akavaa koti lake na Jumatatu yake akaondoka nayo. Kifungo kikafunguliwa kwa wembe, na sarafu ikawekwa mezani mbele ya watu wote.

Msabila ndiye aliyewahi. "Mimi ni mrithi."

Mama mmoja akamjibu kutoka nyuma, bila hata kuinuka, "Msabila, ulisema azikwe nalo. Tulikuwa tunakula makande yako, hatukuwa viziwi."

Msabila akakaa. Wakabaki watatu.

Pazi akasema: "Niliteka mbele ya watu. Nikaomba kuku, nikanyimwa. Nikaomba unga, nikanyimwa. Nikaomba neno, nikatukanwa. Arobaini ikapita. Lingekuwa na kunguni kweli, leo mngenifuata? Mkilichukua kwa sababu mmeona dhahabu, basi utani ni halali kwenye matambara tu, na siku mkifiwa tena msituite. Lieni wenyewe."

Kalunde akasema: "Mtani, sikatai. Lakini nilikuja na kuku, nikakuta kufuli. Nikaja tena, kufuli. Ningemkabidhi nani kuku, ukuta? Mikono hii ilimgeuza baba, mikono hii ilishona kifungo hicho. Alinikabidhi mimi. Na nyumba yenyewe natolewa mwisho wa mwezi."

"Nilikuwa nazika dada yangu," akasema Pazi.

"Najua. Pole, mtani."

"Ahsante. Lakini nikuulize. Ulijua ni kizito?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, angekipata yule pale."

"Kwa hiyo ulinifanya mimi kasha lako."

"Ndiyo. Nilikuamini wewe kuliko damu yangu."

Pazi akainamisha macho. "Hapo umeniumiza, mateka wangu. Lakini kasha lina ufunguo, na ufunguo ulikuwa kuku kabla ya arobaini."

Shija naye akasema: "Mimi si ndugu, na sikumwosha marehemu. Ila bila mimi, mtani angekuwa na koti la sufu, dada angekuwa na trei yenye shimo, na ndovu angekuwa kwenye ndege. Ningenyamaza, leo ningekuwa mwajiriwa. Msinipe shukrani. Shukrani nimezila tangu nihitimu, hazishibishi."

"Mwanangu, kusema kweli si kazi ya kudai ujira," akasema Pazi.

"Kunyamaza kulikuwa na ujira, mzee. Ndiyo maana nadai."

Watu wakagawanyika. Waliotoka matanga mengi walikuwa upande wa Pazi. Wanawake waliowahi kuuguza walisimama na Kalunde. Vijana wote wenye vyeti vilivyotiwa lamination walijipanga nyuma ya Shija, na walikuwa wengi mno, ukumbi ulijaa.

Mwenyekiti wa kamati akaichukua sarafu kwa leso. Akasema itahifadhiwa kwenye sefu mpaka taratibu zikamilike. Wakaenda watatu wote kuuliza, pamoja, maana ugomvi wao haukuwa wa chuki. Wakaambiwa mchakato unaendelea. Wakaenda kwa wazee wa mila, wazee wakasema hiyo ni sheria. Wakaenda kwa watu wa sheria, nao wakasema hiyo ni mila. Wakarudi kwa kamati, wakakuta imesafiri kwenda kwenye semina ya kuenzi urithi wetu. Kalunde ameanza kufunga mizigo. Pazi ndiye anayemsaidia kubeba cherehani, na njiani bado wanabishana.

Sasa nijibuni. Mtani aliyechukua kwa haki mbele za watu na akangoja, binti aliyeuguza, akashona, akanyamaza na akapiga hodi kwenye kufuli, na kijana aliyeuza kesho yake kwa maneno mawili. Je, nani alistahili?

Na ninyi wa kamati, mliokalia ufunguo wa sefu: hatutaki tamko, hatutaki mchakato, hatutaki chai na vitumbua. Waiteni wote watatu ukumbini, wekeni sarafu mezani, msimame mbele yetu na mtaje jina. Mwezi haujaisha.