Kuku Sitini wa Bwana Shekiondo

Jamani, Bwana Shekiondo alikuwa na kuku sitini, na bado jicho lake halikubanduka kwenye kijishamba cha jirani yake, Bi Somoe, mjane mwenye mgongo mbovu. Alitaka kujenga banda la pili hapo.

"Niachie kwa hiari," alimwambia masika yalipokaribia, "la sivyo kuku wangu watakula kila mbegu utakayofukia. Ukikosa mboga utahama mwenyewe."

Kesho yake Bi Somoe alionekana ameinama, akifukia kwenye vumbi kama wafanyavyo wote wanaosubiri mvua. Kisha akambishia hodi, machozi yakimtiririka.

"Shemeji, nakuomba, wafungie wiki moja tu, mbegu zichipue. Na pale kwenye mpapai nimefukia chini sana, wasije wakachimba wakazifikia!"

Shekiondo alifungua banda huku akicheka. Wiki nzima kuku walichakura, hasa pale kwenye mpapai. Walidonoa mchwa na magugu, wakaacha mavi kila mahali, udongo ukalainika kama unga.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, Shekiondo aliegemea ua. "Haya, shemeji, utavuna nini sasa?"

Bi Somoe akafungua pindo la kanga, mbegu za mchicha na bamia zikamjaa kiganjani.

"Hizi hapa. Siku ile nilifukia pumba, shemeji. Kwa mgongo huu ningelima lini? Na samadi ningeitoa wapi? Mwakani uwalete mapema kidogo."