Ukurasa wa Kwanza wa Kiboko

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, lakini si kale sana, maana waifai ilikuwa imekwisha kufika, Digidigi alipanga chumba cha uani katika nyumba ya Bwana Kiboko, kando ya bwawa.

Digidigi alikuwa mdogo. Ukimpandisha kwenye mizani, mizani inauliza, "Mbona hupandi?" Ila masikio yake hayakupitwa na neno, na pua yake haikujua kutulia. Kilichomkera kilikuwa kimoja tu: bwawa. Kila asubuhi Kiboko alitangulia kuoga, chubwi, chubwi, chubwi, ndipo wengine wakaruhusiwa kunywa. Kunywa nini? Tope. Vifaranga wa Bi Kanga waliumwa matumbo mpaka sauti zikawakauka.

"Baba mwenye nyumba," Digidigi alimwambia, "kwa nini usiogee kule chini, maji yanakoishia?"

"Mkubwa hapangi foleni, binti."

"Basi nitakushtaki barazani."

"Nishtaki. Sheria unaijua?"

Aliijua. Kiboko ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza, na sheria aliitunga yeye: neno lisilo kwenye karatasi halisikilizwi, na neno lililosomwa kutoka kwenye karatasi halifutiki. Aliitunga akijua vizuri kwamba wadogo karatasi hawana.

Lakini nyumbani mle printa ilikuwemo. Waliinunua kwa kuchanga, Kiboko mahindi yake, Digidigi karanga zake. Ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, imeungwa kwa waya na kompyuta ya mezani ya Kiboko. Digidigi alikuwa na kompyuta ya mpakato, na ndiye aliyeziunganisha zote. Akibonyeza kule chumbani, maandishi yake yanapita hewani hadi kwenye kompyuta ya Kiboko, nayo inayapokea na kuyakabidhi kwa printa. Krrr, taka-taka-taka, pwaa! Karatasi hiyo.

Siku moja kabla ya baraza, Digidigi aliandika mashtaka, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Kwenye kioo cha mpakato likatokea neno moja: *inangoja*.

Alitimka hadi sebuleni. Kompyuta ya mezani ilikuwa imezimwa, na Kiboko amejimwaga kwenye kochi huku rafiki yake Ngiri akimpepea.

"Baba mwenye nyumba, mbona umeizima?"

"Imechoka. Nayo ina mwili."

"Printa si yetu sote?"

"Yenu, yetu, ya wote. Nimekunyima printa? Ichukue, ikumbatie, ilale kwako. Kompyuta ndiyo yangu, na karatasi haitoki humu bila mimi kutaka."

"Hebu sema tena."

"Karatasi haitoki humu bila mimi kutaka! Ngiri, umesikia?"

"Nimesikia, mkubwa," akasema Ngiri. "Hata majirani wamesikia."

Ni kweli, Bi Kanga alikuwa dirishani na vifaranga wake. Alisikia, akainamisha kichwa.

Digidigi alirudi chumbani kwa hasira, kwato zikigonga sakafu, diki-diki-diki. Karanga zake zimo ndani ya printa ile. Na kesho akienda mikono mitupu, vifaranga watakunywa tope mpaka baraza lijalo, na wengine hawatalifikia. Akaukodolea macho mpakato. *Inangoja.*

Pua ikaacha kucheza.

Kumbe! Mpakato haukusema imekufa. Umesema inangoja. Na anayengoja ana nafasi yake. Kompyuta ile ikiamka, printa haitauliza nani mzito. Itauliza nani alitangulia.

Akafuta mashtaka yote, hata yale yaliyokuwa yakingoja. Akaandika ukurasa mwingine, mtamu kama asali, huku akicheka mpaka akabiringika kitandani. Akabonyeza. *Inangoja.* Akauacha mpakato macho, akatoka nje kuota jua.

"Umekata tamaa?" Kiboko alimuuliza akipita.

"La, baba mwenye nyumba. Nimepanga foleni."

Kiboko alicheka hadi geti likatikisika.

Asubuhi yake baragumu la baraza lililia, puuu! Kiboko akakurupuka. "Ngiri, hotuba yangu! Washa kompyuta, toa karatasi!"

Ngiri akawasha. Kompyuta ikapiga miayo, ikajinyoosha, na kabla Ngiri hajaibonyeza hotuba aliyomwandikia mkubwa, printa ikaanza. Krrr, taka-taka-taka, pwaa! Ukurasa wa kwanza. Ngiri akaona labda ameshabonyeza. Akabonyeza tena kuhakikisha, ukatoka wa pili, akauweka chini ya ule wa kwanza.

Kiboko akatupia jicho mstari wa juu: *Mimi Kiboko, mzito wa wazito.*

"Ngiri! Leo umeniandika nikaandikika."

Ngiri hakukumbuka kuandika hivyo. Lakini Ngiri sifa hajawahi kuzikataa. "Nilitoka jasho, mkubwa."

Kiboko hakuendelea kusoma. Kusoma mara mbili, alizoea kusema, ni kazi ya wenye njaa.

Ukingo wa bwawa ulikuwa umejaa. Kiboko akapanda jukwaani, akakohoa, akasoma:

"Mimi Kiboko, mzito wa wazito, ambaye nikikohoa bwawa linahama..."

Makofi, pa-pa-pa! Digidigi ndiye aliyeyaanzisha.

"...ambaye kinywa changu ni kikubwa na kila mmoja amekiona..."

Makofi, vigelegele. Kiboko utamu ukampanda kichwani, akasoma kwa mbio, sauti juu:

"...kwa kinywa hicho hicho naapa kwamba kuanzia kesho atakayetangulia bwawani ndiye atakayetangulia kunywa, nami nitapanga foleni kama kifaranga yeyote, na kuoga nitaogea chini, maji yanako... yanakoi..."

Baraza zima likammalizia: "Yanakoishia!"

"Hii si karatasi yangu!"

"Imetoka wapi?" akauliza Bi Kanga.

"Kwenye printa. Lakini kuna mtu..."

"Baba mwenye nyumba," Digidigi akasema kwa adabu zote, "jana si ulisema karatasi haitoki mle bila wewe kutaka?"

"Tulisikia," akasema Bi Kanga. "Mimi na wanangu wote."

"Ngiri! Nani kaandika hii?"

Ngiri akatazama umati, akatazama mbingu. "Mkubwa, si nimekwambia nilitoka jasho?"

Hapo baraza lilicheka mpaka vyura wakaanguka majini, chubwi, chubwi. Na neno lililosomwa, wadogo zangu, halifutiki. Sheria ya nani? Ya mwenyewe.

Kesho yake jua lilimkuta Kiboko kwenye foleni. Mbele yake kifaranga, mbele ya kifaranga kifaranga. Na kifaranga mnajua anavyokunywa: tone moja, anainua shingo, anatazama mbingu, anameza, anafikiri kidogo, ndipo anainama tena.

"Binti," Kiboko alinong'ona, "hawa hawawezi kuharakishwa?"

"Wakubwa wenzio wanakutazama," Digidigi akamjibu. "Simama vizuri."

Yangu yametoka, trei ni tupu, na la kushika ni hili: foleni haiulizi uzito.