Picha ya Naetwe Konani

Hapo zamani, lami ilipokuwa bado ngeni huku Upareni, Kiangi na mkewe Nakijwa walikuwa na binti mmoja, Naetwe. Asubuhi moja akienda shule, lori liliacha njia kwenye kona ya kijijini likamuua. Dereva wa lori, Mbazi, alikuwa amevuta bangi. Akafungwa.

Mbazi alipotoka gerezani, kamati ya kijiji ilikuwa inataka kusimamisha bango pale konani: UMEVUTA? USISHIKE USUKANI. Wakaona maneno matupu hayatasomwa, yanataka sura ya mtu. Wakamwomba Mbazi picha yake, akakataa. Alisema kifungo amekimaliza, na wanawe hawawezi kupita kila siku chini ya aibu ya baba yao.

Wakamwendea Kiangi. Akawapa picha ya Naetwe akiwa na sare, anacheka. Hakumuuliza mkewe kwanza.

Bango likasimama, madereva wakapunguza mwendo. Lakini Nakijwa alipita pale kila alipokwenda shambani, na mwanawe akimchekea kutoka juu. Chakula kikawa hakipiti. Akamsihi mumewe picha iondolewe. Kiangi akamjibu kwamba watoto wa wenzao wanapona.

Basi Nakijwa akachukua ngazi, akaibandua picha, akaifukia kaburini kwa mwanawe. Kamati wakasema watatafuta nyingine. Hawakutafuta.

Kabla ya vuli, lori la mkaa liliacha njia pale pale konani, likaingia kwenye kibaraza cha Elinami, fundi cherehani, likamuua pale pale alipokuwa akishona. Dereva alikuwa kijana, macho mekundu. Alipoulizwa mbele ya watu, alisema taratibu, "Bangi nimevuta miaka mingi. Nikifika hapa nikimwona yule mtoto, huegesha mpaka kichwa kitulie. Leo sikumwona."

Kiangi akamgeukia mkewe. "Umesikia, mama Naetwe?"

"Nimesikia," akasema Nakijwa. "Mimi sikuvuta. Nilimzaa, nikamzika. Mlitaka nimzike kila siku?"

Mbazi naye alikuwepo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba adhabu yake aliitumikia yote, na sura yake ni yake. Wanakamati nao walikuwepo.

Mjane wa Elinami akasimama katikati yao, kitambaa alichokuwa akishona mumewe kimelowa damu mikononi mwake. Hakulia. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

Ninyi mnaonisikiliza, mjibuni mama huyu. Kijana yule atafungwa, hilo halina ubishi. Je, akishafungwa, ni nani mwingine anayedaiwa damu ya Elinami?