Rupia Kumi na Mbili za Bi Nyamizi

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana baadhi ya waliokuwapo bado tunaamkiana nao sokoni, palikuwa na mjane katika mji wa bara, pale reli inapogawanyika. Jina lake Bi Nyamizi. Nisikilizeni vizuri, na mniwie radhi nikipandisha sauti. Kisa hiki kila nikikisimulia hasira hunipanda upya.

Mwezi wa kumi na moja upepo uling'oa paa la nyumba yake. Mabati mengine hayakuonekana tena, mengine yaliokotwa yamejikunja kama karatasi. Bi Nyamizi na binti yake Kalunde, mwenye mimba ya miezi saba, wakahamia jikoni kwa jirani. Nyumba ikabaki wazi, kuta zake za matofali mabichi zikingoja mvua.

Mjane huyu alikuwa na kitu kimoja cha thamani: rupia kumi na mbili za fedha, za wakati wa Mjerumani. Baba mkwe wake alizipata kwa kubeba mataruma, vile vyuma vizito vinavyolaziwa reli. Katika kazi yote ile, hizo ndizo alizoweza kuweka, na kovu la begani akafa nalo. Bi Nyamizi akasema, "Zilitoka begani kwa mtu. Zikigeuka paa, mwenyewe hatachukia."

Kwanza akaenda kwa Mbaraka, sonara. Mbaraka akaziweka kwenye mizani, kisha akazigeuza mojamoja. Moja akaishika muda mrefu kidogo, maana chini ya mwaka ilikuwa na herufi ndogo ambayo zile nyingine hazikuwa nayo. Aliiona, akanyamaza.

"Mama," akasema, "kwa uzito wa fedha, hizi ni shilingi mia sita. Atakayekupa chini ya hapo anakuibia."

Kisha akaenda kwa Shebe, dalali wa mnada wa Jumamosi. Shebe akamwambia, "Mama, subiri mwisho wa mwezi. Kuna watu hutoka pwani kutafuta vitu vya kale."

Bi Nyamizi akatazama mawingu. "Mwisho wa mwezi kuta zangu zitakuwa tope. Uza Jumamosi hii."

Jumamosi ikafika. Shebe akapanga baiskeli, cherehani, magodoro, na kwenye kisahani zile rupia. Akaja Bwana Malogo, karani mstaafu wa reli, mtu aliyekusanya sarafu miaka ishirini na kuagiza vitabu vya sarafu kwa posta mpaka mkewe akachoka kulalamika. Akainama juu ya kisahani. Akaiona ile yenye herufi. Vidole vikamtetemeka. Aliitambua kuwa ya nadra, akanyamaza.

Na Shebe, ambaye kazi yake ni kusoma nyuso za wanunuzi, akaviona vile vidole. Aliviona, akanyamaza.

Mnada ukaanza. Mbaraka sonara akasema mia tatu. Malogo akasema mia nne. Wakapandishana mpaka Mbaraka akafika mia sita. Malogo akasema mia sita na ishirini. Mbaraka akatikisa kichwa, akarudi nyuma.

"Mia sita na ishirini mara ya kwanza!" Shebe akaita. "Mara ya pili!"

"Mia saba!" Malogo akapaza sauti.

Watu wakacheka. "Mzee, unashindana na nani? Bei ya mwisho si yako mwenyewe?"

Malogo akainamisha uso. Shebe hakuuliza kitu. Akagonga meza, bidhaa imekwenda.

Dalali alipokata ujira wake, pesa iliyobaki ilitosha mabati ya chumba kimoja na mshahara wa fundi. Mvua zikaja. Siku ya nne, ukuta wa chumba cha pili ukamwangukia Kalunde mguuni alipokuwa anatoa vyombo. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Mguu haukunyooka tena.

Miezi miwili baadaye Malogo akasafiri kwenda Dar es Salaam, akaiuza ile rupia moja kwa shilingi elfu arobaini. Rupia moja! Wakati huo kwa pesa hiyo ulipata nyumba ya matofali ya kuchoma, na bomba uani.

Habari za bei hiyo zikamtangulia mjini. Akarudi, akapeleka lori la mabati kwa Bi Nyamizi. "Mama, nimeuza vizuri. Nimekuletea sadaka."

"Sadaka?" Bi Nyamizi akamkabili. "Bwana Malogo, mimi sikuja kwako kuomba. Nilikwenda mnadani kuuza. Nipe bei yangu!"

"Bei nililipa, mama, mbele ya watu."

"Ulilipia fedha ya kuyeyusha! Ile uliyoijua wewe hukuilipia!"

Kalunde akatoka akiegemea fimbo. "Mama, pokea. Masika yanakuja, na mtoto huyu nimlaze wapi?"

"Nikipokea, mji mzima utasema amenisaidia. Hakunisaidia, aliniibia!" Akamgeukia dereva. "Geuza gari."

Lori likageuza. Bi Nyamizi akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, na Malogo, Mbaraka na Shebe wakaitwa barazani.

Malogo akasema, "Nimetumia miaka ishirini kujifunza ninachokijua, hata maana ya ile herufi ndogo chini ya mwaka. Leo mnataka nikitoe bure? Nilijipandishia bei mwenyewe. Nani kati yenu amewahi? Na nisingenunua mimi, Mbaraka angeiyeyusha ikawa vipuli. Hizo elfu arobaini zisingekuwapo hata za kugombania."

Bi Nyamizi akasimama. "Kama ulijipandishia, basi ulijua! Roho ilikusuta, ukaihonga shilingi themanini!"

Mbaraka akasema, "Niliulizwa uzito, nikajibu uzito. Mia sita nilisema, na mia sita hiyohiyo nilikuwa tayari kuitoa mfukoni mwangu."

"Na ile herufi?" Bi Nyamizi akamuuliza.

"Niliiona. Sikujua maana yake."

"Ungesema tu kwamba umeiona! Kinywa kingekuuma?"

Shebe akasema, "Mimi nilimwambia asubiri, akakataa mwenyewe. Bei ingepanda, hata ujira wangu ungepanda. Nimepata hasara kama yeye."

"Waliokuwapo mnadani wanasema vidole vya Malogo vilitetemeka. Hukuviona?" mwenyekiti akauliza.

Shebe akakiri: "Niliviona. Lakini Bwana Malogo hununua kwangu kila mwezi. Ningesimamisha mnada nimuulize hadharani, asingerudi tena." Baraza zima likavuma. Shebe akapiga kelele kulishinda: "Aliyekataa kusubiri ni nani? Ni yeye! Ni yeye aliyeharakisha!"

Hapo Kalunde, ambaye alikuwa amemnyamazisha mwanawe kwa titi, akasimama kwa ule mguu mmoja mzima. "Angesubiri chini ya nini?" akasema. "Niambie, Shebe. Chini ya nini?"

Baraza likagawanyika. Wengine barazani wakasema mnada ni mnada. Wengine wakasema wote watatu walipe. Wengine wakasema, tena kwa sauti ya chini, kwamba mama mwenye kiburi cha kurudisha mabati ajilaumu mwenyewe. Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa, akasema watakaa tena. Hawakukaa.

Mimi nimemaliza kusimulia, hasira sijaimaliza. Sasa semeni ninyi, na msinitazame tu. Aliyejua thamani akanunua, aliyeona herufi akapima uzito, aliyeona vidole akagonga meza, na mwenye mali aliyekataa kungoja: je, ni nani hasa aliyemnyima Bi Nyamizi bei yake, na nani alistahili kumlipa?