Rangi za Mtu Mwingine

Hakuwa na shahada. Hakuwa na ofisi, wala kiti cha kuzunguka kama walivyo navyo wenzake wa kompyuta. Hakuwa na mume wa kumwambia pole wala mtoto wa kumwekea chai mezani. Kompyuta yake ilikuwa imepungukiwa na vitufe viwili, na miwani yake ilifungwa uzi upande wa kulia. Kitu kimoja tu hakupungukiwa nacho, nacho ni imani kwamba katika mambo ya rangi hakuna wa kumfundisha.

Imani hiyo hakuiokota njiani. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mchora vibao, na mji mzima ulimwita Brashi. Mwuza viatu, kinyozi, mwenye duka la maziwa, wote walisimama mlangoni pa karakana yake kuuliza, "Brashi, nichague rangi gani?" Naye alijibu bila kuinua macho: nyekundu hutisha, njano huchekesha, bluu hutuliza. Mashine za kuchapa zilipokuja zikamnyang'anya tonge mdomoni, hakukaa kitako akalia. Alijiandikisha masomo ya jioni, akaketi dawati moja na vijana wa umri wa wapwa zake, na baada ya miaka miwili alijua kuifanya skrini icheze. Wako wanaodhani kwamba aliyesoma jioni amesoma nusu. Waache na dhana yao.

Kisha kiharusi kikampiga kaka yake.

Kaka huyo alikuwa mtia rangi nguo kiwandani kwa miaka thelathini. Sasa alibaki hai kama taa iliyofunikwa kwa chungu: haikujulikana kama ndani inawaka au imezimika. Ulimi haukusogea. Mkono wa kulia ulilala kama kitambaa kilicholowa. Wa kushoto tu ndio ulioinuka, ukagusa, ukaanguka. Miezi minne ikapita. Daktari wa wodi, mama mrefu asiyependa maneno mengi, akatamka lililoogopwa na wote: mgonjwa asipothibitisha kwamba anaelewa anachoambiwa, atahamishiwa nyumba ya wale wasiotarajiwa kupona, safari ya siku nzima. Huko watu hulishwa na kuogeshwa, lakini hakuna anayewafanyisha mazoezi tena.

"Nipe wiki tatu, Daktari," Brashi alisema. "Nitamtengenezea kinywa."

Alichotengeneza kilikuwa mchezo. Kwenye skrini bapa ilielea miduara ya rangi kama povu la sabuni. Ukigusa mduara, sauti ilitoka, na uso uliochorwa katikati ukabadilika. Bluu ilitoa maji yanayotiririka, uso ukatulia. Njano ilipiga filimbi, uso ukacheka. Nyekundu ilinguruma kama mashine kubwa, uso ukakunja ndita kwa hasira. Mduara mweupe ulinyamazisha kila kitu, hata ule mvumo mdogo uliosikika muda wote chombo kilipowashwa. Huo Brashi aliuita amani. Wauguzi waliuchezea wakacheka kama watoto, na kichwa kikamvimba fundi.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Daktari aliuliza maswali kumi ambayo hata mtoto angeyajibu. Mgonjwa alipoonyeshwa picha ya mjukuu wake, aligusa nyekundu, hasira. Alipoulizwa angejisikiaje akichomwa sindano kumi kwa mpigo, aligusa mweupe, amani. Kati ya majibu kumi, mawili tu ndiyo yaliyoleta maana.

"Anagusa ovyo," Daktari alisema, akifunga faili. "Nitarudia mara moja tu. Ijumaa, saa tisa alasiri. Baada ya hapo sina la kufanya."

Ijumaa ikafika haraka kama deni la mtu asiye na subira. Saa saba mchana Brashi alikuwa ameinama kitandani, jasho limemtoka, na wifi yake, mke wa kaka, alikuwa kando akikunja shuka.

"Kaka, tazama. Hii bluu. Bluu ni utulivu. Umeelewa? U-tu-li-vu."

Akaigusa. Maji yakatiririka. Shingo ya mgonjwa ikakakamaa, mkono wa kushoto ukaruka ukaipiga skrini kofi, na machozi yakamtiririka mpaka masikioni.

"Mbishi!" Brashi alifoka. "Tangu utotoni mbishi! Watakupeleka, kaka, unasikia? Watakupeleka, nami nita..."

"Umemaliza kumgombeza?" wifi aliuliza.

"Wifi, sina muda wa maneno."

"Najua. Wiki tatu nzima huna muda. Mimi nimelala na mtu huyu miaka ishirini na minane, na hukuniuliza hata mto wake huwekwa upande gani. Ungeniuliza ningekwambia: hiyo bluu yako itoe."

"Bluu ina nini? Dunia nzima bluu ni..."

"Dunia nzima haikufanya kazi kwenye pipa la bluu." Wifi aliweka shuka chini. "Bomba la maji ya moto lilipasuka pale. Mwenzake alikuwa chini yake. Kaka yako alimvuta kwa mikono hii hii, lakini hakuwahi. Tangu siku ile hajavaa bluu. Yale mapazia uliyotuletea, si nilikwambia yameliwa na panya? Panya gani, Brashi! Panya ni huyu hapa. Aliyang'oa mwenyewe akayatupa."

Brashi aliketi ukingoni mwa kitanda. "Na nyekundu?"

"Nyekundu!" Wifi akacheka, akajifunika mdomo kama msichana. "Mimi nilikuwa mkunjaji wa nguo kiwandani mle mle. Nguo nyekundu aliniletea mezani mbili mbili, badala ya rundo zima, ili apate sababu ya kurudi. Mikono imeiva nyekundu mpaka kwenye viwiko, uso mkavu, anajidai ameleta kazi. Huku nyuma mashine inanguruma, hatusikiani hata tukitaka."

"Na kimya?"

"Mtu wa kiwandani hapendi kimya, wifi. Mashine ikinguruma, ujue watu wote ni wazima. Ikinyamaza ghafla, mbio, kuuliza nani ameumia."

Brashi alijihisi kama mtu aliyechora kibao kizuri, akakisifia, kisha akaambiwa amekitundika kwenye duka la jirani. Mjukuu: nyekundu, mngurumo. Sindano kumi: mweupe, kimya. Kaka yake alikuwa akijibu tangu siku ya kwanza, tena kwa ufasaha. Aliyekuwa bubu ni chombo.

Ilikuwa saa saba na nusu. Aliifungua kompyuta magotini akaanza kufumua mishono yake mwenyewe, ule unaofunga bluu na maji, ule unaofunga njano na kicheko. Kila uzi ulikuwa umemgharimu siku, na sasa aliukata kwa pigo moja la kidole. Saa nane na dakika ishirini skrini iliganda. Aliizima, akaiwasha tena, akangoja huku akiuma kucha. Wifi alianza kunong'ona dua. Ilipofunguka, nyuso nne tu zilikuwa zimepangwa chini: furaha, huzuni, hasira na hofu. Rangi zilielea juu, na sauti kando yake, bila kufungwa na chochote.

"Kaka," alisema, safari hii taratibu. "Nisamehe. Sijui zako. Panga mwenyewe."

Mkono wa kushoto uliinuka. Ulitetemeka, ukakosea, ukarudi. Nyekundu ikaburutwa hadi kwenye furaha, na mngurumo ukaifuata. Bluu na maji vikaenda kwa huzuni. Mweupe na kimya vikatua kwenye hofu. Ikabaki njano. Alivuta filimbi na njano pamoja, akazibwaga kwenye hasira.

"Filimbi ya msimamizi!" wifi alipiga kelele. "Hasira hiyo hata mimi ninayo!"

Upande wa kushoto wa mdomo wa mgonjwa ulipanda juu, kidogo tu.

Saa tisa kamili Daktari aliingia. Aliitazama skrini, akamtazama Brashi. "Umembadilishia majibu."

"Sijabadilisha majibu, Daktari. Nimeondoa yangu, nikamwachia yake."

"Kama ni yake, hatawahitaji ninyi. Tokeni nje, nyote wawili. Na maswali nitauliza mapya."

Walikaa kwenye benchi la mbao ukumbini. Mlango ulikuwa mwembamba. Maneno hayakupita, lakini sauti za chombo zilipita. Mngurumo. Brashi akakunja kidole kimoja. Filimbi. Maji. Mngurumo tena. Kila sauti ilikuwa swali lililojibiwa, lakini swali lenyewe hakulijua, na kutolijua kulimla ndani kama mchwa. Kidole cha saba. Cha nane. Cha tisa kilichelewa mpaka wifi akamshika goti.

Kisha chombo chenyewe kikanyamaza. Hata ule mvumo mdogo ulikatika.

"Imezimika," Brashi alinong'ona, akainuka. "Betri, wifi. Betri imekwisha! Niache niingie!"

"Kaa."

"Atasema anagusa ovyo!"

"Kaa, nimesema. Ukiingia umempeleka wewe mwenyewe."

Akakaa. Ukutani saa ilitembea. Muuguzi alipita na ndoo, akapotea kwenye kona. Mle ndani hakuna kilichosikika, wala filimbi wala mvumo.

Mlango ukafunguka. Daktari alisimama pale na karatasi mkononi.

"Tisa za kwanza amejibu sawasawa," alisema. "La kumi nilimwuliza anajisikiaje kuhamia ile nyumba. Akagusa mweupe. Akaukandamiza kwa kidole, akanikazia macho, hakuondoa kidole mpaka nilipomwambia, basi, mzee, nimesikia."

Wifi aliangua kilio. Brashi hakulia, akamshika wifi mabega.

"Nina wengine sita wasiosema," Daktari aliendelea. "Nataka uwawekee mchezo huu huu, kama ulivyopangwa. Nyekundu furaha, bluu huzuni."

Wiki moja nyuma Brashi angeitikia kabla sentensi haijaisha. Sasa alitikisa kichwa.

"Hapana, Daktari. Hizo ni za kaka. Kila mmoja nitamletea tupu, apange zake. Na kabla sijagusa kitufe, nitakaa kwanza na mkewe."

"Au mumewe," wifi alisema, akifuta pua. "Wanawake nao huugua."

Daktari aliketi kwenye meza ya wauguzi akaandika kwa mkuu wa ile nyumba iliyokuwa imemwekea mgonjwa nafasi. Alipomaliza alimsogezea Brashi asome. Barua ilikuwa fupi: mgonjwa tuliyewaandikia habari zake haji, anaelewa kila tunachomwambia, ila sisi ndio tuliokuwa hatumwelewi, anaendelea na mazoezi hapa. Brashi aliisoma mara mbili, akairudisha. Daktari aliikunja, akaitia ndani ya bahasha, akalowesha gundi, akaikandamiza kwa ngumi. Tarishi aliyekuwa akisubiri na mfuko wake aliipokea, akashuka nayo ngazi, na nyayo zake zikasikika mpaka kwenye lango. Hapo jambo likawa limekwisha, na hukumu yake ni hii: kitanda usichokilalia, hata uwe fundi wa vitanda, hujui kunguni wake.